Sikiliza Pumzi ya Nyoka, Tazama na Gamba Lake

Tuseme, ndugu mkulima, ni jioni ya mwezi wa Septemba huko Myanga. Mahindi yamekwisha vunwa na kukaushwa, na ghala limejaa. Mama watoto amekwenda kuchota mahindi ya kusaga, mara anarudi mbio na debe tupu mkononi. "Baba Wafula, mna nyoka ghalani! Nimemsikia akipumua, na gamba lake liko juu ya magunia!"

Wewe utafanya nini? Wengi wetu tutachukua rungu, tutaita majirani, na kuanza kupekua magunia gizani. Mara nyingi mwisho wake ni nyoka mwembamba wa rangi ya kahawia, asiye na sumu hata kidogo, ambaye usiku uliopita alikuwa akikuondolea panya. Lakini siku nyingine mwisho wake ni kifutu aliyejilaza penye giza, na mtu ameumwa mkononi. Makosa haya mawili yana asili moja. Hatukujua sauti ile ni ya nini, wala gamba lile ni la nani.

Basi leo tutaeleza mambo hayo mawili, yaani pumzi ya nyoka na gamba lake. Mwenye kuyafahamu hataponda rafiki yake wa ghalani, wala hatatia mkono mahali pasipofaa.

NYOKA WA MAHINDI

Huko Marekani, katika majimbo ya kusini-mashariki, yuko nyoka aitwaye nyoka wa mahindi. Ni mwekundu wa kahawia mwenye mabaka, hana sumu, na urefu wake huanzia sentimita 60 hivi mpaka 180. Wengine husema alipewa jina hilo kwa kuwa wakulima walizoea kumkuta katika maghala ya mahindi akifuata panya. Wengine husema ni kwa sababu tumbo lake lina madoa meupe na meusi kama punje za mahindi ya rangi. Siku hizi watu wa nchi nyingi humfuga katika masanduku ya kioo, naye akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 20 na zaidi.

Sisi hatuna nyoka huyo, lakini tunaye anayefanya kazi ile ile. Ni nyoka wa nyumba. Rangi yake ni ya kahawia, ngozi yake inang'aa, na ana mistari miwili ya manjano hafifu kila upande wa kichwa. Mmoja hutoka puani ukapita juu ya jicho, na wa pili hutoka kwenye jicho ukashuka mpaka pembe ya mdomo. Hutembea usiku. Hana sumu, panya humwua kwa kumviringia na kumbana. Huyu naye watu wa Ulaya na Marekani humfuga, na kumnunua kwa fedha, hali sisi tunamponda kwa jembe.

Kwa kuwa watu hao huwatazama nyoka wao kila siku kwa karibu, wamejifunza mengi juu ya sauti zao na kujivua kwao. Elimu hiyo yatufaa sisi pia.

JINSI NYOKA ANAVYOPUMUA

Wewe na mimi tuna kiwambo chini ya mapafu kinachovuta hewa. Nyoka hana kiwambo hicho. Yeye hupumua kwa kupanua na kubana mbavu zake. Tena nyoka wengi hutumia pafu moja tu, la kulia, ambalo ni refu sana kufuata mwili wake. Pafu la kushoto ni dogo mno, au halipo kabisa. Tundu la pumzi liko mbele kinywani, juu ya sakafu ya mdomo, naye aweza kulisukuma nje kando ya chakula. Ndiyo sababu aweza kumeza panya mzima polepole wala asikabwe pumzi.

Nyoka mwenye afya, akiwa ametulia, hupumua kimya. Humsikii. Kwa hiyo ukisikia sauti, ujue kuna sababu. Nazo sababu ni chache.

Ya kwanza ni hofu. Nyoka aliyeshtuka hujaza hewa mwilini, kisha huitoa kwa nguvu. Kifutu ndiye hodari wa jambo hili. Huvimba na kunywea, akatoa sauti kubwa kama hewa itokayo katika gurudumu la baiskeli. Sauti hiyo maana yake ni, "Nipo hapa, usinikanyage." Kifutu hana desturi ya kumfukuza mtu, hukaa palepale akitegemea rangi yake imfiche. Lakini akikaribiwa hugonga upesi kuliko mkono wako uwezavyo kurudi. Kwa hiyo ukisikia sauti hiyo, simama kwanza. Tazama iko wapi. Kisha rudi nyuma polepole kwa njia uliyojia.

Ya pili si pumzi kabisa, ingawa yafanana nayo. Yuko nyoka mwembamba alaye mayai ya ndege tu. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo. Akiogopa hujikunja na kusuguanisha vigamba vya ubavuni, na vigamba hivyo vina kingo kama msumeno. Sauti itokayo hudanganya hata mtu mzima akadhani ni kifutu. Hila hiyo ndiyo silaha yake. Lakini wewe usijaribu kupima kama ni hila au ni kweli. Mpe nafasi aende zake.

Ya tatu ni kujivua gamba. Siku chache kabla ya kujivua, ngozi ya zamani huanza kulegea, hata puani. Hewa ikipita hapo hutoa mluzi mwembamba. Nyoka akiisha kujivua, mluzi nao hukoma. Huo si ugonjwa.

Ya nne ni ugonjwa wa mapafu. Hii huwapata hasa nyoka waliofungiwa, nasi tutaieleza mbele kidogo.

JINSI ANAVYOJIVUA

Ngozi ya nje ya nyoka haikui pamoja naye. Kwa hiyo hana budi kuivua, maisha yake yote. Nyoka mchanga akilishwa vizuri hujivua karibu kila mwezi mmoja au mwezi na nusu. Mkubwa hujivua mara chache tu kwa mwaka.

Kwanza rangi yake hufifia, akaonekana kama aliyepakwa vumbi. Kisha macho huwa na ukungu wa buluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ni kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja kiangavu kama kioo cha saa, nacho huvuliwa pamoja na ngozi nyingine. Kati ya ngozi ya zamani na mpya huingia majimaji, na hayo ndiyo yaletayo ukungu ule. Baada ya siku chache macho hung'aa tena. Watu wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe bado. Siku kadhaa baadaye nyoka husugua midomo yake penye jiwe, mti au gunia mpaka ngozi ipasuke. Kisha hutambaa akatoka ndani yake, na gamba likabaki limepinduliwa nje ndani kama soksi iliyovuliwa kwa haraka.

Wakati macho yana ukungu, nyoka haoni vizuri. Mara nyingi hali kitu, hujificha, na huwa mwepesi wa kugonga kila kinachomgusa. Hiyo si hasira wala uchawi. Ni mnyama asiyeona, naye anaogopa. Kwa hiyo nyoka mwenye macho ya maziwa asisumbuliwe, awe wa porini au wa kufugwa.

KWA WENYE KUTUNZA NYOKA

Katika nchi yetu haifai mtu kumkamata nyoka porini na kumweka nyumbani. Kutunza wanyamapori kwahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013. Lakini wako watunzaji halali. Bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961. Huko Watamu pwani liko shamba la nyoka la Bio-Ken. Na karibu nasi liko jumba la makumbusho la Kitale, lililotokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, nalo pia lina nyoka wa kutazamwa. Vijana wapendao kazi hiyo, na watu wetu walioko ng'ambo ambao watoto wao wamenunua nyoka wa mahindi, wafahamu haya.

Mluzi mdogo ukisikika wakati ngozi imefifia na macho yana ukungu, ngoja. Mwache nyoka ajivue, kisha sikiliza tena.

Lakini mluzi ukiendelea baada ya kujivua, au ukisikia koroma na mlio wa mapovu, hapo pana shida. Tazama dalili hizi: mdomo wazi wakati wa kupumua, ute mzito au mapovu mdomoni na puani, kichwa kuinuliwa juu kila mara ili apate hewa, kukataa chakula na kulegea. Huo ni ugonjwa wa mapafu. Nyoka hawezi kukohoa makohozi yakatoka kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo ute hukaa ndani ya pafu na kumdhuru. Usingoje wiki. Mpeleke kwa daktari wa wanyama, naye ndiye atakayejua dawa na kipimo chake. Dawa ya ng'ombe iliyobaki kabatini usimpe; kipimo cha ng'ombe kitamwua nyoka.

Ugonjwa huu mara nyingi huletwa na baridi, unyevu wa uchafu, na sanduku lisilopitisha hewa. Nyoka hana joto lake mwenyewe; hulipata mahali alipo. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Nyoka wa mahindi yampasa kuwa na upande mmoja wa sanduku wenye joto la digrii 28 mpaka 30, na upande mwingine wa baridi kidogo, ili achague mwenyewe. Maji ya kunywa yawe safi kila siku, na kinyesi kiondolewe mara moja. Tena mtazame kama ana utitiri, yaani wadudu wadogo weusi kati ya vigamba na kando ya macho. Hao humnyonya damu, humdhoofisha, na huharibu kujivua kwake.

GAMBA LILILOKWAMA

Gamba zuri hutoka zima, toka midomo mpaka ncha ya mkia. Likitoka vipande vipande, ujue mahali pale ni pakavu mno, au nyoka hanywi maji ya kutosha, au ana utitiri, au hana kitu cha kujisugulia. Kwetu jambo hili huonekana zaidi miezi ya Desemba mpaka Februari, hewa inapokauka.

Dawa yake ni rahisi. Chukua kikopo chenye kifuniko, kikubwa cha kutosha nyoka kujikunja. Toboa tundu la kuingilia, weka ndani kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha kiache ndani ya sanduku. Nyoka ataingia mwenyewe. Kesho yake ngozi italainika, naye ataivua akipita kwenye jiwe au kipande cha mti. Ikibaki kidogo, mwache atambae kati ya mikunjo ya taulo lenye maji ya uvuguvugu.

Tazama mahali pawili hasa. Pa kwanza ni ncha ya mkia. Pete ya ngozi kavu ikibaki hapo hubana damu, na ncha hiyo hufa na kukatika. Pa pili ni macho. Chunguza gamba uone kama vile vioo viwili vimo. Kama havimo, vimebaki machoni. Usivibandue kwa ukucha wala kwa kibano! Wengi wameharibu jicho zima kwa haraka hiyo. Ongeza unyevu, ngoja ajivue mara nyingine, na visipotoka, mwone daktari.

KULISOMA GAMBA GHALANI

Sasa turudi Myanga, kwenye lile gamba lililo juu ya magunia.

Jambo la kwanza, gamba lenyewe halina sumu wala laana. Ni ngozi iliyokufa, kama kucha ulizokata. Jambo la pili, usidhani urefu wake ndio urefu wa nyoka. Likivuliwa hunyooka, likawa refu kuliko mwenyewe. Jambo la tatu, likiwa laini na lenye unyevu, mwenyewe ameondoka si zamani. Likiwa kavu na lavunjika kama karatasi, huenda yuko mbali.

Liinue kwa kijiti, ulitazame penye mwanga. Gamba la kifutu ni fupi na pana, na kila kigamba cha mgongoni kina mstari ulioinuka katikati kama uti wa jani. La nyoka wa nyumba ni jembamba, na vigamba vyake ni laini visivyo na mstari. Lakini angalia! Swila naye, yule atemaye sumu machoni, ana vigamba laini. Na mla-mayai, asiye na madhara, ana vigamba vyenye mstari. Kwa hiyo gamba laini si cheti cha usalama. Lakufundisha nini cha kutafuta tu. Ukitaka kujua hakika, liweke katika bahasha ulipeleke kwa wenye elimu, kama watu wa makumbusho ya Kitale, au lipige picha kwa simu umwonyeshe ofisa wa KWS aliye karibu.

Habari moja, lakini, gamba hilo latoa bila shaka. Nyoka hakuja ghalani kwa ajili ya mahindi. Alikuja kwa ajili ya panya.

ULIFUNGE GHALA, SI NJIA YA NYOKA TU

Watu humwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba ili kufukuza nyoka. Hiyo si kinga ya kutegemewa, na ni kupoteza fedha. Kinga ya kweli ni kumwondolea chakula chake na maficho yake.

Inua ghala juu ya nguzo, zipate mita moja hivi, na kila nguzo uivishe bati lililokunjwa kama faneli, mdomo wake ukitazama chini, ili panya asipande. Fyeka majani kulizunguka. Rundo la kuni na mabua lisiwe ukutani pa nyumba. Zoa punje zilizomwagika kila siku. Okota mayai kila jioni. Mwenye uwezo ahifadhi mahindi makavu katika pipa la chuma lifungwalo barabara. Sumu ya panya itumiwe kwa uangalifu, kwa maana panya aliyekula sumu akiliwa na paka, mbwa au nyoka, sumu huwafuata nao.

Na usiku usiende ghalani bila taa. Vaa viatu, na tumia kijiti kabla ya mkono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini ni heri kutazama kabla ya kuumwa kuliko kushtuka baadaye.

AKIUMA

Mtu akiumwa, na hujui ni nyoka gani, mhesabu kuwa ameumwa na mwenye sumu. Mtulize, asitembee wala kukimbia. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe kijiti kisitikisike. Mpeleke hospitali mara moja, hata kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili. Usimchanje, usimnyonye damu, usimfunge kamba ya kubana. Jiwe jeusi la nyoka halitoi sumu. Hupoteza saa ambazo ni maisha ya mtu. Usimfuate nyoka ili umlete. Wengi wameumwa kwa njia hiyo. Sumu ya swila ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au 20, kisha nenda hospitali.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitia kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, nalo lakisia kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa mashambani kama sisi.

NENO LA MWISHO

Katika nchi ya Wabukusu kila mtoto husimuliwa habari za Mango, shujaa aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu. Mango hakurusha mkuki ovyo. Husimuliwa kwamba alijua joka lile linalala wapi na linarudi saa ngapi, ndipo akalingojea. Ushindi wake ulianza kwa kulifahamu adui.

Nasi tufanye vivyo hivyo, na kwanza tujue kama ni adui. Usiku ukisikia pumzi ghalani, simama. Washa taa. Tazama kwa mbali. Akiwa ni yule wa kahawia mwenye mistari miwili kichwani, mwache. Ana kazi, nayo ni kazi yako. Usipokuwa na hakika, funga mlango, rudi nyumbani, na wacha watoto wale viazi usiku huo. Mahindi yatakuwapo kesho, na wewe utakuwapo pia.